Bandu bandu huisha gogo, lakini uliza kwanza gogo ni la nani

Najua nimenyamaza kwa muda mrefu. Wengine mmeniuliza kama nimeacha mambo ya programu huria nikaenda kufuga kuku. La, bado nipo. Leo nataka kuwasimulia kisa ambacho nimekaa nacho moyoni tangu mwaka wa 2022. Ni kisa cha mistari 23 ya msimbo ambayo niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe, nikajisifu, kisha nikajuta.

Kwa wale ambao si watu wa fani hii, nianze na maelezo mafupi. Programu yoyote unayoitumia kwenye tarakilishi au rununu ilianza kama maandishi ambayo mtu aliketi akayaandika. Maandishi hayo ndiyo tunayaita msimbo. Programu ikiwa huria, msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Uzuri wake ni kwamba watu wengi huchangia. Ubaya wake ni huo huo, kwamba watu wengi huchangia. Mmoja anaongeza kitu, anapata kazi kwingine, anaondoka. Kile kitu kinabaki.

Hebu fikiria stoo ya nyumba ya ukoo. Kuna baiskeli isiyo na gurudumu, redio ya betri kubwa, mabati mawili na sanduku lililofungwa. Kila mtu anadhani sanduku ni la mjomba. Mjomba anadhani ni la shangazi. Hakuna anayelitumia na hakuna anayethubutu kulitupa. Programu kubwa nyingi zina stoo kama hiyo, na sanduku kama hilo tunaliita msimbo mfu.

Kwa nini tusiuache tu?

Swali zuri. Msimbo mfu hauli chakula, utasema. Kumbe unakula. Kila mgeni anayekuja kusaidia lazima ausome na kujiuliza ni wa nini. Kila unapobadilisha kitu kingine inabidi uhakikishe hukuuvuruga. Na mara nyingine maiti anaamka.

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Marekani iitwayo Knight Capital iliweka programu mpya kwenye seva zake nane. Saba zikapata msimbo mpya, moja ikasahaulika. Katika ile moja mlikuwa na msimbo wa zamani ambao kampuni ilikuwa imeacha kuutumia tangu 2003, lakini haikuwahi kuufuta. Programu mpya ilitumia tena alama ile ile iliyokuwa ikiuwasha ule wa zamani. Soko lilipofunguliwa, msimbo uliolala miaka tisa ukaamka na kuanza kununua na kuuza hisa kama mlevi mwenye pesa za watu. Kwa muda wa dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Haikuweza tena kusimama peke yake.

Upande wa programu huria nako mmesikia habari za Heartbleed, ile hitilafu ya OpenSSL iliyotangazwa Aprili 2014. OpenSSL ndiyo iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya seva za intaneti duniani. Hitilafu ilikuwa ndani ya kipengele ambacho watu wachache mno walikihitaji, ila kilikuwa kimewashwa kwa kila mtu. Watu wa OpenBSD walipoufungua ule msimbo waukague, walikuta mambo ya mifumo iliyozeeka kama Windows ya biti 16 na Mac OS ya kale. Wakachukua nakala, wakaiita LibreSSL, wakashika panga. Wiki ya kwanza peke yake waliondoa zaidi ya mistari 90,000.

Linux pia husafishwa. Toleo la 3.8 la mwaka wa 2013 liliacha kutumika kwenye kichakata cha 386, na ikumbukwe kwamba Linus Torvalds alianza kuiandika Linux mwaka wa 1991 kwenye mashine ya 386. Yaani walibomoa chumba alichozaliwa mtoto. Mwaka wa 2018 toleo la 4.17 liliondoa aina nane za vichakata kwa mpigo, karibu mistari nusu milioni, na ulimwengu haukuanguka.

Kwa hiyo mimi ni mfuasi wa panga. Nilikuwa hivyo na bado niko hivyo. Hilo mlijue kabla sijafika kwenye aibu yangu.

Programu yenyewe

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa watu watatu wanaotunza programu ndogo huria ya kamati za maji za vijijini. Kazi yake ni rahisi. Katibu wa kamati anaingiza majina ya wanachama na zamu zao za kuteka maji. Nusu saa kabla ya zamu, programu inamtumia mwanachama arafa: zamu yako ya maji inakaribia, njoo na mitungi yako. Basi. Imeandikwa kwa lugha ya Python, inaendeshwa na laptopu kuukuu yoyote yenye modemu.

Programu ilianza 2011. Wakati huo tuliihifadhi Google Code. Huduma hiyo ilipofungwa Januari 2016, tulihamisha msimbo haraka haraka, dakika za mwisho kama wanafunzi usiku wa kuamkia mtihani. Msimbo ulifika salama. Historia yake haikufika. Ukitazama kumbukumbu zetu za Git utaona kila kitu cha kabla ya hapo kimebanwa katika badiliko moja lenye ujumbe wa neno moja: "mwanzo". Kosa hilo ni letu wenyewe.

Mwaka wa 2022 programu ilikuwa imefikisha mistari kama 41,000, na nyingi hatukujua kazi yake. Nikaamua kufanya usafi. Kuna zana ya Python iitwayo Vulture, yaani tumbusi, na jina linaifaa: inazunguka juu ya msimbo ikitafuta mizoga. Inakuonyesha sehemu ambazo haioni popote zikiitwa. Niliiendesha Jumamosi moja asubuhi, nikapika chai, nikaanza kufuta.

Jamani, raha ya kufuta msimbo haielezeki. Kila unapofuta unaendesha majaribio, yote yanapita, unafuta tena. Nilitoa njia ya kuchapisha kwa printa ambazo haziuzwi tena. Nikatoa skrini ya kuingilia ambayo haikukamilika tangu 2012. Bandu bandu, gogo likawa linaisha.

Katikati ya hayo nikakutana na fanksheni moja iliyoitwa rek6. Mistari 23, bila hata neno moja la maelezo. Ilipokea namba na neno. Ikaongeza 6 kwenye namba. Kama neno lilianza na herufi u, ikaongeza 12 nyingine. Jumla ikifika 24 au kuzidi, ikatoa 24. Palikuwa na kipengele kidogo cha pembeni kuhusu namba 12, nacho sikukielewa.

Nilikaa kama dakika mbili nikiitazama. Nikasema hii ni hesabu ya majira ya saa ya nchi nyingine. Kenya tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC, wala si sita. Na ile u, nikajiambia, bila shaka ni UTC. Labda mfadhili fulani aliijaribu programu akiwa ng'ambo. Vulture ilisema haiitwi popote. Nikatafuta jina rek6 katika msimbo wote, sikulipata. Nikafuta. Ujumbe wangu wa badiliko ulisema: "Kuondoa takataka za zamani."

Siku hiyo nilifuta mistari 3,200. Wenzangu wawili walinipongeza. Tukatoa toleo jipya.

Simu kutoka Kinango

Wiki tano baadaye nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa katibu wa kamati moja ya maji huko Kinango, kaunti ya Kwale. Ni mwalimu mstaafu, na watu wote humwita Mwalimu mpaka leo. Namba yangu aliipata kwa kijana wa duka la tarakilishi aliyemwekea toleo letu jipya.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekupigia kwa sababu mashine yako inatuita kisimani usiku wa manane."

Nilidhani ni utani. Akanieleza polepole, kama mtu aliyezoea wanafunzi wazito. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu, na mwanachama akikosa zamu yake alingoja siku tatu. Kwa hiyo arafa ilipoingia usiku, watu hawakubishana nayo. Waliamka. Kina mama walibeba mitungi wakaenda gizani, wakakuta kioski kimefungwa, wakaketi hapo mpaka alfajiri wakiogopa kupoteza nafasi. Wale wa zamu ya jioni nao waliitwa asubuhi, wakagongana na wa asubuhi, kukazuka ugomvi. Usiku wa pili bibi mmoja alitumbukia katika korongo njiani na kuvunjika kifundo cha mkono.

Nikamwuliza, huku midomo imenikauka, "Mwalimu, bibi huyo ulimwandikia zamu ya saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Kama kawaida."

"Na arafa ilimfikia saa ngapi?"

"Saa sita na nusu za usiku."

Nilifungua kumbukumbu za programu alizonitumia kijana wa duka. Arafa ilitoka 00:30. Nusu saa kabla ya 01:00. Yaani mashine ilisoma "1 asubuhi" ikaona moja, ikaelewa 01:00.

Saa moja asubuhi. 07:00. Moja ongeza sita.

Ndugu zangu, nilihisi damu ikinipanda usoni. Ile fanksheni haikuwa ya mfadhili wala ya ng'ambo. Ilikuwa saa ya Kiswahili. Namba ongeza sita, na kama neno ni usiku, ongeza kumi na mbili zaidi. Saa tatu usiku: tatu, sita, kumi na mbili, jumla 21:00. Saa saba usiku: 25, toa 24, unapata 01:00. Na kile kipengele cha namba 12 kilikuwa cha saa kumi na mbili asubuhi, ambayo ukiongeza sita kijinga inakuwa jioni. Kila mstari ulikuwa na maana. Herufi u ilikuwa usiku!

Mimi nimefundishwa kusoma saa na nyanya yangu. Kila siku nasema saa nne nikimaanisha saa nne. Lakini nikiketi mbele ya tarakilishi, akili yangu inahamia kwenye saa ya mashine, na lugha niliyonyonya nikaiita takataka za zamani.

Kwa nini tumbusi hakuiona?

Hapa kuna somo la kiufundi, vumilieni kidogo. Programu yetu humruhusu mtumiaji kuchagua jinsi ya kusoma saa, kwa kuandika jina la fanksheni katika faili ya mipangilio. Programu inapoanza inalisoma jina hilo na kuitafuta fanksheni yenye jina hilo. Faili ya mipangilio ya Kinango iko Kinango, ndani ya laptopu ya Mwalimu. Haiko katika hazina yetu. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja uliotaja rek6. Mimi nilitafuta nyumbani kwangu kitu kilichokuwa kikitumika nyumbani kwa mtu mwingine.

Watengenezaji wa Vulture wenyewe wanaonya kwamba Python inaruhusu msimbo kuitwa kwa njia zisizoonekana, na kwamba zana yao inaweza kusema kitu kimekufa kumbe ki hai. Onyo hilo nilikuwa nimelisoma.

Kosa la pili lilikuwa la programu yetu tangu zamani. Ilipokosa kuipata rek6, haikulalamika. Ilichukua namba ilivyo na kuendelea na kazi kwa furaha. Programu inayonyamaza inapokosea ni hatari kuliko inayokataa kuwaka.

Niliirudisha ile mistari 23 usiku ule ule. Git inayo amri ya kutengua badiliko. Kijana wa duka aliweka toleo lililorekebishwa kesho yake. Lakini mkono wa bibi hauna amri ya kutengua.

Safari

Wiki iliyofuata nilisafiri hadi Mariakani, kisha matatu mpaka Kinango. Wenzangu walisema si lazima, programu ni huria na imetolewa bila dhamana yoyote, leseni inasema hivyo. Ni kweli leseni inasema hivyo. Nikaenda.

Mwalimu alinionyesha daftari lake. Safu ya majina, safu ya namba za simu, safu ya saa: 1 asubuhi, 3 asubuhi, 10 jioni. Nikamwuliza ile rek6 ilitoka wapi. Akacheka.

"Yule kijana aliyetuwekea mashine mwaka wa 2013 alitaka niandike saa za kizungu. Nikamwambia mimi nimeandika daftari hili miaka mingi, sitageuza. Akakaa pale chini ya mwembe mchana kutwa, jioni akaniambia sasa andika unavyosema."

Basi hayo ndiyo maelezo niliyokuwa nikiyatafuta katika msimbo. Yalikuwa kamili, ila yalikaa kichwani mwa Mwalimu. Kijana yule aliacha mradi zamani, anwani yake ya barua pepe haifanyi kazi tena.

Bibi nilimkuta nyumbani kwake, mkono umefungwa plasta. Nikaamkia, nikajieleza, nikaomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Yeye aliuliza neno moja tu: "Na mbona hukuuliza?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa na namba za simu za makatibu wa kamati zote zilizokuwa zikitumia programu. Hazikufika ishirini. Arafa moja ingetosha. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza kwa sababu Vulture ilikuwa imeshanijibu.

Ninavyofuta siku hizi

Nimesema bado ni mfuasi wa panga. Ile mistari mingine 3,177 niliyofuta siku ile haijarudi mpaka leo na hakuna aliyeilia. Lakini sasa nafuata utaratibu huu, nanyi mkipenda uchukueni:

1. Kwanza nauliza historia. Git inaweza kukuonyesha kila badiliko lililoongeza au kuondoa neno fulani; amri ni git log -S. Kama historia imepotea kama yetu, natafuta mtu. Historia ni watu pia.

2. Nisipoelewa msimbo ni wa nini, sijapata ruhusa ya kuufuta. "Hautumiki" na "sijui unatumika wapi" ni mambo mawili tofauti.

3. Sifuti mara moja. Katika toleo la kwanza naweka onyo: sehemu hii itaondolewa, ukiihitaji tupigie. Toleo linalofuata ndipo nafuta.

4. Kila ufutaji ni badiliko lake peke yake, lenye ujumbe unaosema nilichofuta na sababu. Siku ile nilichanganya mambo kumi na moja katika badiliko moja, na kutenga moja kati ya kumi na moja usiku wa manane ni adhabu.

5. Programu ikikosa kitu ilichoambiwa ikitafute, isimame na kupiga kelele.

6. Natafsiri na kueleza kabla ya kukata. Wanaoitunza LibreOffice walirithi msimbo ulioanzia Ujerumani, uliojaa maelezo ya Kijerumani. Kuanzia 2010 waliyatafsiri kidogo kidogo, na wakati huo huo wakaondoa msimbo usiotumika. Kazi hizo mbili ni pacha: ukishajua kitu ni nini, ndipo unajua kama kitupwe.

Na ile rek6? Haiitwi tena rek6. Sasa inaitwa saa_ya_kiswahili, na jina la zamani bado linakubaliwa ili laptopu ya Mwalimu isivurugike. Juu yake kuna maelezo ya mistari tisa, kwa Kiswahili, yanayosema kwa nini tunaongeza sita, ile u ni ya nini, na kwamba usiifute kabla ya kuzungumza na kamati. Chini yake kuna majaribio: 1 asubuhi lazima iwe 07:00. 12 asubuhi lazima iwe 06:00. 7 usiku lazima iwe 01:00. Mtu akiigusa vibaya, majaribio yanakataa.

Mwaka jana kijana mmoja mgeni katika mradi alituandikia kwamba maelezo yale ni marefu mno kwa fanksheni ya mistari 23, akapendekeza tuyapunguze. Nilimjibu kwa heshima, nikamweleza habari ya korongo. Akaongeza mstari wa kumi.

Bibi amepona, ingawa anasema mkono unamuuma wakati wa baridi. Zamu yake bado ni saa moja asubuhi, na arafa yake humfikia saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa limeshachomoza.

Tukutane wakati mwingine. Na leo kabla hujalala, fungua msimbo wako, tafuta ile sehemu ambayo wewe peke yako unajua kazi yake, uiandikie mstari mmoja wa maelezo.